Gugu linalorudi na boga usilolipanda: namna ya kutafuta chanzo bustanini

Mvua ikishaanza huku Mbeya, mwishoni mwa Novemba, bustani ya nyuma ya nyumba haisubiri mtu. Jumapili umeacha tuta tupu la udongo mweusi, Jumapili inayofuata tuta lenyewe hulioni. Tunachukua jembe, tunakwatua, wiki mbili baadaye tuko palepale tumeinama tunailaumu mvua. Mimi nililaumu mvua miaka mingi kwenye kiwanja changu cha Uyole kabla ya kukubali kwamba sehemu kubwa ya magugu yale niliyapanda mwenyewe: kwa jembe langu, kwa samadi niliyonunua, kwa maganda niliyokuwa namwaga nyuma ya jiko.

Kwa hiyo kabla hujauliza upulize dawa gani, chukua kisu kikuukuu, chimba gugu moja zima na udongo wake, lisuuze kwenye ndoo ya maji, ulilaze juu ya gunia. Usiangalie majani, angalia huko chini. Ukikuta mizizi myembamba kama nywele tu, limeota kwa mbegu. Ukikuta shina jeupe lenye vifundo linalotambaa chini ya udongo, limeota kwa kipande. Ukikuta kiazi au kitunguu, basi hilo lina akiba, na unaweza kukata majani mpaka uchoke. Haya matatu hayatibiwi kwa njia moja. Linaloua la kwanza ndilo linalozidisha la pili.

"Nimeng'oa Jumatatu, Ijumaa limesharudi, tena limenyooka kama mkuki"

Shika shina karibu na ardhi kwa vidole viwili, ulizungushe. Likikwamakwama kwa sababu lina pembe tatu, ni ndago. Shina la nyasi za kawaida huwa la duara na lina vifundo. La ndago ni la pembe tatu, limejaa, halina kifundo hata kimoja.

Ulipoing'oa Jumatatu, ulitoka na majani na kipande cha uzi mweupe. Kiazi chenyewe, cheusi, kigumu, kidogo kuliko punje ya karanga, kilibaki chini. Vile viazi vimeungana kama shanga kwenye uzi, na vingi vimelala katika shubiri ya kwanza ya udongo, vingine vinashuka zaidi. Uzi ukiwa mzima, ni vichache tu vinavyochipua, vilivyobaki vinalala. Ukipita na jembe ukakata uzi vipande kumi, kila kiazi kinaamka kivyake. Ndiyo maana mtu aliyelima vizuri, tena kwa bidii, anapata ndago nyingi kuliko jirani yake mvivu.

Zangu ziliingia kwa lori. Nilinunua tripu moja ya udongo wa kusawazisha kiwanja, udongo mzuri kwa macho, mweusi, na sikuuliza umechimbwa wapi. Mwaka wa kwanza niliona kishungi kimoja hapa, kimoja pale. Mwaka wa tatu karoti zangu zilikuwa zinatoka ardhini zikiwa zimetobolewa. Ncha ya ndago inapita ndani ya kiazi mviringo kama sindano ndani ya kitambaa, na nailoni nyeusi ya kutandaza juu ya tuta inaitoboa bila shida, kwa hiyo usipoteze hela yako huko.

Kilichonisaidia kwanza ni kiangazi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba huku kwetu hakuna mvua, kuna jua na upepo mkavu, na kiazi cha ndago hakivumilii kukauka. Nilichukua tuta moja moja, si bustani nzima, nikachimba mpaka kina cha jembe, nikapitisha udongo kwenye chekeche la wavu wanalotumia mafundi kuchekechea mchanga. Vilivyobaki juu ya wavu nilivianika juu ya bati wiki mbili hadi vikawa vyepesi na vikavu kabisa. Usivitupe kwenye shimo la mboji. Jirani mwenye nguruwe anaweza kukufanyia nusu ya kazi hiyo bure, kwa sababu nguruwe hufukua ndago na kuitafuna, ilimradi uko tayari kuona tuta lako limegeuzwa kama limepigwa bomu.

Masika, lililobaki ni uvumilivu wa kalenda. Ndago ikishatokeza jani huchukua wiki tatu hadi sita kabla ya kuanza kutengeneza viazi vipya. Muda huo inakula akiba yake. Ukiikata kila baada ya wiki mbili bila kuruka zamu, unakifilisi kiazi. Ukikaa mwezi mzima kwa sababu kulikuwa na msiba Tukuyu na harusi Makambako, imeshalipwa mtaji wake wote na riba.

Halafu kuna kivuli. Ndago inapenda jua kuliko mmea wowote niujuao, na ikikaa gizani inadhoofu. Tuta lililonishinda kabisa nililipanda viazi vitamu, mbegu inayotambaa sana, nikawa nang'oa ndago mpaka marando yalipofunika ardhi. Msimu wa pili wa kufanya hivyo ndipo nilianza kuona udongo. Haijaisha. Ila sasa naiona kwa vishungi, siioni kama zulia.

"Majani matatu kama moyo uliopasuliwa, maua ya waridi, watoto wanayatafuna"

Yale machachu yanayokaa chini kabisa na yanayoonekana dhaifu. Mtu anayavuta, yanakatika kwa urahisi, anafurahi. Chimba moja kwa kisu: chini kuna kitunguu kidogo chenye maganda ya kahawia, na pembeni yake nyuzi zinazobeba vitunguu vichanga vingine, vidogo kama punje ya ulezi. Ukivuta, vichanga vinapukutika na kubaki. Ukilima, unavisambaza kama mtu anayepanda kwa kutupa.

Hapa jembe liweke kando. Tuta lililo na gugu hili chimbua kwa kijiko cha bustani au kisu, toa na bonge lake la udongo, weka kwenye ndoo, si kwenye majani ya pembeni. Na angalia miche unayonunua. Mche wa parachichi au wa maua uliokuja kwenye kiriba, kama juu ya udongo wake kuna vijani vitatu vitatu, kwangua udongo wa juu kabla ya kuupanda. Nimeona bustani mbili za mtaa wa Forest, hapa Mbeya mjini, zilizoingiwa kwa njia hiyo hiyo, kwenye viriba vya waridi.

"Nimepalilia, yamekauka juu ya tuta, mvua ya kwanza yameamka"

Kama majani ni laini, manene kidogo, na ua ni la buluu lenye petali mbili zilizosimama kama masikio, hili ni kongwa. Wengine wanalijua kwa majina ya kikwao, lakini ua ndilo haliwezi kukudanganya: asubuhi lipo, saa saba mchana limeshajikunja.

Shina lake limejaa maji. Ukiling'oa na kuliacha juu ya udongo wenye unyevu, kila kifundo kinatoa mizizi na safari inaanza upya, safari hii kwa vipande kumi. Kupalilia kongwa siku ya mawingu ni kulipandikiza.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawajawahi kuliona, nami niliambiwa nikakataa mpaka nilipochimba. Chukua shina lililokomaa, lichimbe taratibu, suuza. Chini ya udongo, katikati ya mizizi, utaona matawi meupe, na kwenye matawi hayo vifuko vyeupe. Hayo ni maua. Yamechanua gizani, yamejichavusha yenyewe, na ndani yake kuna mbegu. Kwa hiyo hata ukifyeka sehemu ya juu kabla haijatoa mbegu, chini imeshamaliza kazi yake. Aina yenye majani mapana ndiyo yenye tabia hii.

Dawa yake: ling'oe likiwa changa, na mizizi yake yote, siku ya jua kali kuanzia saa nne, ulikusanye kwenye gunia ulitoe bustanini. Ng'ombe, sungura na nguruwe wanalila. Usilitumie kama matandazo. Na usitegemee sana dawa ya glaifoseti, maana kongwa ni miongoni mwa magugu yanayoivumilia: linanyauka kidogo, linasinzia, linainuka.

"Nyasi inatambaa, nikivuta inakatika, inaota pande zote"

Sangari au ukoka. Sangari inatambaa zaidi chini ya udongo, nyuzi nyeupe zenye ncha kali. Ukoka unatambaa chini na juu pia. Kwa zote mbili adui yako ni jembe la kukata. Tumia jembe la meno, inua udongo badala ya kuukata, fuata uzi kwa mkono mpaka mwisho wake, anika. Kazi hii ifanye kiangazi tu. Na ukishasafisha, chimba mfereji mwembamba wa shubiri moja kati ya bustani na uchochoro, uwe unakata nyasi zinazochungulia kila mwezi, la sivyo zitarudi kutoka njiani.

"Nimeweka samadi, wiki ya pili bustani yote imekuwa kama zulia la kijani"

Hapa kuna watuhumiwa wawili, na kila siku nasikia wanahukumiwa bila ushahidi. Huenda mbegu zimekuja na samadi. Huenda pia zilikuwa zimelala kwenye udongo wako miaka mingi, ukazigeuza, zikapata mwanga. Mbegu nyingi ndogo za magugu husubiri mwanga ndipo ziote.

Jaribio ni hili. Chukua makopo mawili mapana, yatoboe chini. Moja jaza samadi ileile iliyobaki, jingine jaza udongo wa bustani kutoka mahali ambapo hukuweka samadi. Yaweke pamoja juu ya ukuta, mwagilia kila siku, hesabu baada ya wiki mbili. Mwaka niliofanya hivyo, kopo la samadi lilitoa mchicha wa miiba, kishonanguo na nyasi, na kopo la udongo likatoa lile gugu laini lenye viua vya petali tano nyeupe na kitovu cha njano. Kwa hiyo nilikuwa na kesi mbili, si moja.

Samadi mbichi ya ng'ombe aliyechungwa au aliyelishwa nyasi zenye mbegu inabeba mbegu hai. Nyingi zinapita tumboni zikiwa salama. Kinachoziua ni joto. Rundo la samadi na majani lililofikia nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa, likageuzwa ili ya pembeni iingie katikati, linaua mbegu nyingi. Kipimo cha nyumbani ni fimbo au nondo: ichomeke katikati ya rundo, iache dakika kumi, ichomoe ushike. Kama unaweza kuishika kwa raha, rundo halijaiva. Huku nyanda za juu watu wanakosea kwa sababu wanakusanya rundo dogo Juni, wakati wa baridi, halafu wanashangaa halipati moto. Rundo lisilofika mita moja kwenda juu na mita moja kila upande linapoteza joto haraka kuliko linavyolitengeneza. Liwe kubwa, lifunike kwa majani ya migomba au turubai.

Mbegu zilizolala udongoni, zidanganye. Andaa tuta kama unataka kupanda, limwagilie, kisha usipande kitu. Subiri siku kumi hadi kumi na nne. Yakishaota, pitisha jembe juujuu kama unakuna, sentimita mbili tu, siku ya jua. Usichimbe tena, maana utaleta mbegu nyingine juu. Ndipo usie karoti au kitunguu. Wanaomwagilia kwa bomba au kisima wanaweza kuifanya hila hii mara mbili Oktoba kabla ya mvua, na nafuu yake inaonekana hadi Februari.

Lile gugu la viua vyeupe usilisubiri. Linatoka kuota hadi kutoa mbegu kwa wiki chache tu, halafu mbegu zake zinaota palepale. Ukiliona na ua, umechelewa kidogo. Ukiliona na vumbi jeupe linalopeperuka, umeshapanda msimu ujao. Na lenyewe ni mboga kwa wanaolijua, kama ulivyo mchicha unaojiotea, ambao sijawahi kuuita gugu. Nauacha ufike shubiri moja, nachuma. Kosa ni kuuacha ukomae: mche mmoja mkubwa wa mchicha hutoa mbegu makumi ya maelfu.

"Kuna kitu kimeota nyuma ya jiko, sikukipanda, na kimeshinda vyote"

Mara tisa kati ya kumi ni maotea ya jikoni: boga, nyanya, kiazi mviringo, pengine papai. Nguvu yake haina muujiza. Umemwaga maganda, maji ya vyombo na majivu mahali pamoja miaka mitano, halafu mbegu moja ikapata bahati ya kuangukia huko.

Boga langu la mwaka juzi lilipanda juu ya banda la kuku, likavuka ukuta, likashukia kwenye mparachichi wa bibi jirani. Nilikwenda kuomba radhi.

"Shikamoo bibi. Samahani kwa hilo boga."

"Marahaba. Mgeni wako amefika mwanangu, nami nimeshamchuma majani. Usimkate."

Na kweli, boga la maotea mimi huwa naliacha, kwa masharti mawili. Likifika mahali ninapopataka, nakata ncha ya shina. Linatoa matawi pembeni na kuacha kusafiri. Sharti la pili ni la kuonja. Mbegu ya boga iliyojiotea haina uhakika wa kufanana na mama yake, maana nyuki huchanganya chavua za aina mbalimbali, na mara chache hutokea boga chungu. Tunda la kwanza likikomaa, kata kipande kibichi, gusa kwa ncha ya ulimi. Likiwa chungu, tema, tupa yote, usilipike. Uchungu ule hautoki kwa kuchemsha, na unatapisha na kuumiza tumbo vibaya.

Nyanya ya maotea: kama iliyotupwa ilikuwa chotara ya dukani, usitegemee matunda yaleyale. Acha mche mmoja kwa udadisi, mingine ng'oa.

Kiazi mviringo cha maotea sina huruma nacho. Huku kwetu, kuanzia Uporoto hadi Njombe, viazi vinalimwa karibu mwaka mzima kwa mvua na kwa umwagiliaji, na kiazi kilichobaki ardhini ndicho kinachovusha ugonjwa wa ukungu kutoka msimu mmoja hadi mwingine, kikaja kuambukiza nyanya zako. Kinaweza pia kubeba mnyauko wa bakteria. Ukiona shina la maotea limenyauka mchana huku udongo una unyevu, likate karibu na ardhi, tumbukiza ncha iliyokatwa kwenye glasi ya maji safi na uishike bila kutikisa. Ndani ya dakika chache, kama ni bakteria, utaona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina. Ukiuona, usipande viazi, nyanya, bilinganya wala pilipili mahali hapo kwa miaka kadhaa, osha jembe, na usihamishe udongo wake kwenda tuta jingine.

"Nyanya zimefika kichwani, majani meusi ya kijani, matunda hakuna"

Hapo mmea wenyewe ndio umegeuka gugu. Uliza kwanza: palikuwa na nini mahali hapo? Zizi la zamani, banda la kuku, shimo la choo lililofukiwa? Nitrojeni ikizidi, nyanya inajenga majani na kusahau kuzaa. Simamisha samadi na urea, ondoa vichipukizi vya kwapani, punguza maji kidogo, nyunyiza majivu mkono mmoja kwa mche.

Ila usikimbilie mbolea kama ni Juni au Julai. Usiku wa miezi hiyo Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na nyanya huanza kushindwa kushika tunda usiku ukipungua chini ya nyuzi 13 hivi. Ukikuta maua yaliyodondoka yamekauka chini ya mche, ni baridi. Hakuna unachokosea, ulipanda mwezi usiofaa.

"Kwenye mnavu wangu kuna mche mmoja mpana, umenenepa kuliko wenzake"

Simama hapo, usichume. Fikicha jani unuse. Likinuka vibaya na likiwa na kingo zenye meno makubwa, ni mnanaha: baadaye utatoa ua refu jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Wote, mnavu na mnanaha, ni wa ukoo mmoja na nyanya, na wakiwa wachanga wanafanana kwa mtu anayechuma jioni kwa haraka. Mnanaha ni sumu, mbegu zake zaidi. Aliyeula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, moyo hukimbia, huanza kuweweseka. Huyo anapelekwa hospitali mara moja pamoja na jani la mmea wenyewe. Kuna mwingine wenye ua la kengele la buluu hafifu na madoadoa meusi kwenye majani machanga, umejaa kwenye mashamba ya mahindi ya huku. Huo nao si mboga. Ng'oa yote miwili kabla ya kuzaa, na kwenye tuta la mnavu chuma mchana.

"Nimepuliza dawa, hayafi" au "dawa imeua nyanya badala ya magugu"

Glaifoseti inaingia kwa jani la kijani na kushuka hadi mizizini. Ikigusa udongo inashikwa na kupoteza nguvu. Kutokana na hilo peke yake unapata sababu nyingi za kushindwa. Maji uliyochanganyia yalikuwa ya mto, yana tope: tope limeshaishika dawa ndani ya pampu. Majani yana vumbi la barabara: hivyohivyo. Mvua ilinyesha saa mbili baadaye. Gugu lilikuwa limenyauka kwa ukame na halivuti kitu. Au ulilifyeka kwanza, ukapuliza vishina visivyo na majani. Kama hakuna hata moja kati ya hizo, angalia chupa yenyewe: lebo ya Kiswahili, namba ya usajili, tarehe ya kuisha muda. Dawa za kuua magugu zinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na iliyopimwa kwenye chupa ya soda sokoni haina ushahidi wowote wa kilichomo.

Nyanya zikijikunja, majani yakawa membamba kama ya mkangaga na shina likajipinda, huku hakuna wadudu, fikiria 2,4-D. Inapulizwa kwenye mahindi kuua magugu ya majani mapana, na nyanya inadhurika kwa kiasi kidogo mno: upepo wa saa sita kutoka shamba la jirani unatosha, au mabaki kwenye pampu uliyoazima. Tangu iliponipata, pampu ya dawa ya magugu nimeiandika kwa rangi nyekundu, haigusi kitu kingine. Mimi kwenye bustani ya mboga ya nyumbani sipulizi kabisa. Kwa eneo la hatua ishirini kwa ishirini, kisu na gunia vinatosha.

Mawili ya watu wa nyasi na wa miti

Mwenye ng'ombe wa zizini akiona mabingobingo yanachipua katikati ya kabichi, ajue ni vipande vya shina vilivyoangukia kwenye samadi. Kila kifundo ni mbegu. Katakata malisho vipande vifupi, yaliyobaki horini yaanike kabla ya kuyatupa kwenye rundo. Alizeti mwitu nayo ni hivyo: majani yake ni mbolea nzuri sana ya kijani, lakini shina lililokomaa likilazwa kwenye unyevu linaota. Chuma majani na vitawi laini, acha miti.

Na wale wa Njombe na Mufindi: ukichoma takataka kwenye kona ya kiwanja, mvua ikanyesha, ikaota miche kama mia yenye majani kama manyoya ya ndege, hiyo ni miwati. Mti huu wa Australia uliletwa kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi, na huko Njombe mashamba yake makubwa yalianza mwishoni mwa miaka ya 1940. Mbegu yake ina ganda gumu, inalala udongoni miongo mingi, na moto ndio unaoiamsha. Wewe umeichomea usingizi. Acha kuchoma hapo, sogeza shimo la taka. Miche yenyewe ing'oe Januari, udongo ukiwa umelowa na mti haujapita goti. Inatoka na mzizi wake kwa mkono mmoja. Ukisubiri hadi Julai, njoo na sururu.